Kompyuta za kujitolea: Bel-Air inangoja umeme, mashine zinangoja kazi

Katika mtaa wa Bel-Air, komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, kompyuta inaweza kukaa bila kazi kwa sababu mbili. Ya kwanza kila mkaaji anaijua: umeme wa SNEL umekatika. Ya pili ni ngeni kwa wengi: umeme upo, mega zimenunuliwa, mwenye kompyuta amekubali kuikopesha kwa watafiti wa malaria, wa mvua au wa kansa, lakini kwenye skrini kunatokea ujumbe kwamba kwa sasa hakuna kazi ya kutuma.

Ujumbe huo wa pili umewafikia mamia ya maelfu ya watu duniani katika miaka ya karibuni. Miradi mikubwa ya sayansi inayotumia kompyuta za watu wa kawaida imekuwa ikisimama, mingine kwa wiki chache, mingine kwa miezi, na mingine moja kwa moja. Ukilitazama haraka, ni jambo la watu wa Ulaya na Marekani wenye mashine nzuri na umeme usiokatika. Lakini baadhi ya kazi hizo zinahusu malaria inayoua watoto wa Kongo, Ebola iliyopita Beni na Butembo, na mvua inayoamua bei ya bukari Lubumbashi. Ndiyo maana inafaa kuuliza: kazi inakatika kwa nini, na kukatika huko kunatufundisha nini?

Kazi kubwa iliyokatwa vipande

Mpango wenyewe ni rahisi kuelewa. Familia ikivuna mahindi mengi, haimwachii mtu mmoja kuyapukuchua yote. Kila mmoja anapewa kikapu chake, akimaliza anarudisha punje na kuchukua kikapu kingine. Watafiti nao wakiwa na hesabu ambayo ingechukua kompyuta moja miaka mia, wanaikata vipande vidogo. Seva ya mradi inatuma kipande kimoja kwa kompyuta ya mtu aliyejiandikisha, kompyuta inakipigia hesabu wakati mwenyewe haitumii, kisha inarudisha jibu na kuomba kipande kingine. Mara nyingi kipande kilekile kinatumwa kwa mashine mbili tofauti, na majibu yanalinganishwa ili kosa la mashine moja lisiharibu utafiti.

Hakuna malipo. Anayejitolea anapata pointi tu, zinazoonyesha mashine yake imefanya kazi kiasi gani. Hili lisemwe wazi, kwa kuwa katika miji yetu hakukosi watu wanaoahidi faida kwa kila kitu chenye neno kompyuta. Anayeomba pesa ya kujiandikisha katika kazi ya namna hii ni mwizi. Programu zenyewe zinapatikana bure.

Mradi uliofanya jambo hili lijulikane ni SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza tarehe 17 Mei 1999. Ulikuwa unachambua mawimbi ya redio kutoka angani, kutafuta dalili za viumbe wenye akili mahali pengine. Zaidi ya watu milioni 5 walijiunga nao. Kutoka Berkeley ikatoka pia programu ya BOINC, ambayo leo inabeba miradi mingi tofauti, na tangu 2013 inafanya kazi hata kwenye simu za Android.

Afrika haikuachwa nje kabisa. Mwaka 2006, kituo cha utafiti cha CERN kilicho Geneva, pamoja na washirika wake, kilianzisha mpango wa Africa@home. Mradi wake wa kwanza ulikuwa MalariaControl.net, wa taasisi ya Uswisi inayotafiti magonjwa ya nchi za joto. Kompyuta za wanaojitolea ziliigiza kwa hesabu jinsi malaria inavyoenea katika jamii, na nini kinabadilika watu wakipewa vyandarua, dawa au chanjo. Katika majaribio ya mwanzo, watu 500 hivi walitoa hesabu ambazo kompyuta moja ingezifanya kwa miaka 150. Kwa nchi yetu, hayo si maneno ya mbali. Takwimu za Shirika la Afya Duniani (OMS) zinaiweka RDC ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria: karibu mgonjwa mmoja kati ya wanane duniani ni wa Kongo.

MalariaControl.net ilifungwa 2016. Malaria haikufungwa.

Sababu nne za kazi kukatika

Mtu anayeona ujumbe wa "hakuna kazi" hudhani mradi umekufa, au kwamba kuna mtu amekula pesa. Mara nyingi si hivyo. Historia ya miradi hii inaonyesha sababu nne, na kila moja ina somo lake.

Ya kwanza ni kazi inayongoja kazi. Mfano bora ni mradi wa mvua ya Afrika, Africa Rainfall Project, ulioanza Oktoba 2019 kwenye jukwaa la World Community Grid. Unaongozwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, na unashirikiana na TAHMO, mpango wa kuweka vituo vya kupima hali ya hewa barani Afrika. Lengo ni kuigiza mvua ya Afrika kusini mwa Sahara kwa undani wa kilomita moja, kwa sababu mvua zetu nyingi ni za radi: zinanyesha Kampemba na kuacha Ruashi kukavu. Eneo lote limegawanywa katika miraba zaidi ya 35,000. Kipande kimoja cha kazi kinahesabu saa 48 za mraba mmoja, na jibu lake ndilo linaloanzisha saa 48 zinazofuata. Kumaliza mwaka mmoja kunahitaji hatua zipatazo 183, moja nyuma ya nyingine. Mashine elfu kumi zikiomba kazi leo, hazitapata ya kesho kabla majibu ya leo hayajarudi, kukaguliwa na kuhifadhiwa. Na majibu hayo ni mazito: seva ikijaa, kila kitu kinasimama.

Ya pili ni kuhama na pesa. World Community Grid iliundwa na kampuni ya IBM mwaka 2004, na kwa miaka 17 kampuni hiyo ndiyo iliyobeba gharama za seva na wafanyakazi. Septemba 2021 ilitangazwa kwamba jukwaa linahamia taasisi ya utafiti ya Krembil, Toronto, Kanada. Mwanzoni mwa 2022 kazi ilisimama kwa miezi ili mitambo ihame, na hata iliporudi, ilirudi kwa kuchechemea. Wenye kompyuta walikuwepo na watafiti walikuwepo. Kilichokosekana ni kile cha katikati: watu wachache wanaojua mitambo, na pesa ya kuwalipa. Yeyote aliyeona kituo cha afya chenye jengo zuri na wagonjwa wengi lakini hakina muuguzi analijua tatizo hilo.

Ya tatu ni ya kushangaza: watu wakiwa wengi kupita kiasi. Machi 2020, korona ilipofunga dunia, mradi wa Folding@home, ulioanzia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2000, ulitangaza kwamba unatafiti protini za kirusi hicho. Kabla ya hapo ulikuwa na mashine 30,000 hivi. Kwa wiki chache mashine mpya zilifika mamia ya maelfu, na nguvu yake ikapita hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde, kuliko kompyuta kuu yoyote iliyokuwepo wakati huo. Lakini vipande vya kazi vikaisha. Wanasayansi hawakuweza kuandaa maswali kwa kasi ambayo watu walileta mashine, na seva zilizidiwa. Watu walioacha kompyuta zao ziwake usiku kucha kwa moyo mwema walikuta zimekaa bure mpaka asubuhi.

Ya nne ni kazi kumalizika, au njia kubadilika. Tarehe 31 Machi 2020 SETI@home iliacha kutuma kazi. Watafiti walieleza kwamba data waliyohitaji ilikuwa imeshachambuliwa, na sasa walitakiwa kukaa chini kusoma matokeo, kazi ambayo mashine za watu haziwezi kuwafanyia. Rosetta@home ya Chuo Kikuu cha Washington, iliyokuwa ikitafuta maumbo ya protini tangu 2005, ilikutana na jambo jingine: akili bandia. Programu ya AlphaFold ya DeepMind, kisha RoseTTAFold iliyotoka katika maabara hiyohiyo ya profesa David Baker, zilianza kufanya kwa muda mfupi kile kilichohitaji maelfu ya kompyuta. Mwaka 2024 Baker, pamoja na Demis Hassabis na John Jumper wa DeepMind, alipata Nobel ya kemia. Kwa sayansi huo ni ushindi. Kwa wanaojitolea, maana yake ni vipindi virefu bila kazi.

Ukiziweka sababu hizo nne pamoja, jambo moja linaonekana. Hakuna hata moja inayosema kwamba dunia imekosa kompyuta. Kinachokosekana ni watu wa kuandaa swali, wa kutunza mitambo ya katikati na wa kusoma majibu.

Bitcoin haikosi kazi

Tofauti hiyo inaeleweka vizuri zaidi ukiangalia Kivu Kaskazini. Tangu 2020, Hifadhi ya Taifa ya Virunga imetumia umeme wa mtambo wake wa maji wa Luviro, katika eneo la Lubero, kuendesha mashine zinazochimba bitcoin. Umeme ulikuwepo kabla ya wateja wa kutosha kuunganishwa, na hifadhi, ambayo vita na korona viliifukuzia watalii, ilihitaji mapato.

Mashine za Luviro hazipati kamwe ujumbe wa "hakuna kazi". Bitcoin inajitengenezea mafumbo yake yenyewe, usiku na mchana, na anayelifumbua analipwa. Fumbo lenyewe halimfundishi mtu chochote kuhusu ugonjwa wala mvua. Hesabu ya malaria haijizalishi hivyo. Inataka mtu aende kijijini, apime damu, ahesabu mbu, aandike, kisha aulize swali linalofaa kuigizwa. Ndiyo maana kazi ya bitcoin haikatiki na ya sayansi inakatika.

Bel-Air na hesabu ya umeme

Basi mkaaji wa Bel-Air anayetaka kushiriki afanye nini? Aanze na hesabu ya nyumbani. Kompyuta ya mezani inayopiga hesabu kwa nguvu zote inaweza kula wati 100 au zaidi. Kwa wati 100, saa 10 ni kilowati-saa moja. Ikiachwa iwake usiku na mchana kwa siku 30, inafika kilowati-saa 72. Kwa nyumba inayoishi na delestaji, ambako umeme ukirudi kila mtu anakimbilia friji, pasi na pampu ya maji, huo si mchango mdogo. Na kwa anayetumia jenereta, ni kuchoma mafuta ili mashine ya mbali ipate jibu: haifai.

Simu ni jambo jingine. Inakula wati chache tu, na programu ya BOINC kwenye Android imepangwa ifanye kazi pale simu inapochajiwa, betri ikiwa karibu kujaa, na kwa kawaida itumie WiFi badala ya mega za kununua. Umeme ukikatika katikati ya hesabu, si kila kitu kinapotea: programu inahifadhi hatua iliyofika mara kwa mara na kuendelea hapo. Hatari iko kwenye tarehe ya mwisho. Kila kipande kina siku zake, na kikichelewa kinapewa mtu mwingine. Kwa hiyo anayekaa mahali pa umeme wa kubahatisha achague miradi yenye vipande vifupi na aombe vichache kwa wakati mmoja. Miradi ya hali ya hewa, yenye mafaili makubwa ya kurudisha, haimfai anayelipa intaneti kwa mega.

Na kazi ikikatika upande wa mradi? Programu inaruhusu kujiandikisha katika miradi miwili au mitatu, mmoja ukiwa wa akiba tu: mkuu ukikosa kazi, wa akiba unachukua nafasi. Ikiwa yote imekauka, zima mashine. Kompyuta inayowaka bila kazi haimsaidii mgonjwa yeyote.

Lakini isisahaulike kwamba Katanga inachangia kompyuta za dunia kwa njia nyingine. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka RDC, hasa Lualaba na Haut-Katanga, nayo inaingia katika betri za simu na kompyuta zilezile zinazofanya hesabu hizi. Laini ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilijengwa kwa ajili ya migodi, na migodi imebaki mteja mkubwa. Mtaa uliozungukwa na utajiri huo kuhesabu kila wati kabla ya kukopesha simu ni jambo la kuwaza.

Nani anauliza swali?

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mtu akisoma historia ya miradi ya kujitolea, anaona magonjwa ya Afrika na mvua ya Afrika, lakini seva ziko Geneva, Toronto, Delft au California. Bajeti ikikatwa huko, kazi inasimama huko, hata kama tatizo liko hapa na linaendelea. Anayekopesha kompyuta hana sauti katika uamuzi huo. Anayeandaa swali na mwenye data ndiye mwenye sauti.

Ebola inaonyesha vizuri uzito wa data ya hapa. Desemba 2014 World Community Grid ilianzisha mradi wa Outsmart Ebola Together, na taasisi ya Scripps ya Marekani, kutafuta kwa kompyuta za watu kemikali zinazoweza kuzuia kirusi. Ilikuwa kazi ya maana. Lakini moja ya dawa mbili zilizokuja kupata kibali Marekani mwaka 2020 haikuanzia kwenye skrini. Ilianzia kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kwa kazi ya profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa Kongo na wa Marekani, na ikajaribiwa kwa wagonjwa wa mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, ulioua watu zaidi ya 2,200 kati ya 2018 na 2020. Kompyuta nyingi zinaharakisha kutafuta. Hazichukui nafasi ya daktari aliyetunza kumbukumbu na sampuli.

Mvua nayo ni vivyo hivyo. Tarehe 29 Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Lubumbashi, inayonunua mahindi mengi kutoka huko, ilisikia uchungu huo sokoni, kwenye bei ya unga. Umeme pia ulihusika, kwa kuwa mabwawa ya Zambia yalipokauka, nchi hiyo haikuwa tena na wa kuuzia jirani. Utabiri bora wa mvua ungekuwa na faida ya moja kwa moja kwa mkulima wa kando ya mji na kwa mama anayesonga bukari Bel-Air. Lakini mvua iliyoigizwa kwenye kompyuta lazima ilinganishwe na mvua iliyopimwa ardhini. TAHMO ilijiwekea lengo la vituo 20,000 Afrika nzima na bado iko mbali nalo. Pasipo na kipimo, hesabu haina wa kuikosoa.

Kwa hiyo mchango mkubwa ambao Lubumbashi inaweza kutoa si lazima uwe saa za kompyuta. Kipimo cha mvua katika uwanja wa shule, kinachosomwa kila asubuhi saa ileile na kuandikwa bila kuruka siku, kinahitaji daftari na nidhamu, si umeme wa SNEL. Kumbukumbu za malaria za kituo cha afya zilizoandikwa vizuri ni data. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, awe wa polytechnique au wa afya ya umma, akijifunza kuandaa modeli na kutunza seva, anajaza pengo lilelile lililosimamisha miradi ya Toronto na California. Chuo hicho tayari kina watu wa hesabu, wa tiba na wa kilimo. Kinachotakiwa ni uongozi wa jimbo na wa chuo kuiona kazi hiyo kama miundombinu, sawa na barabara, na kuilipia kila mwaka badala ya kungoja mradi wa wafadhili wenye tarehe ya kufungwa.

Kijana wa Bel-Air anayetaka kukopesha simu yake usiku inapochajiwa asizuiliwe. Ni tendo jema, na halimgharimu sana. Ila ajue kwamba foleni ya mashine zinazongoja kazi ni ndefu kila nchi. Foleni ya wanaojua mvua ya Kampemba na malaria ya Kampemba, na wanaoweza kuzigeuza kuwa swali, ni fupi mno, na hiyo ndiyo yenye nafasi.